Jani si Hati

Chuo Kikuu, Mlimani,
Dar es Salaam.
19 Oktoba 1997

Mpendwa Mama Jacob,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha ina muhuri wa Dar es Salaam, hakuna aliyekufa. Ni mimi Doris, yule msichana wa dawati la msaada wa sheria pale Majengo, Moshi, ambaye ulikuwa ukimwambia anaandika kama kuku anayeparua mbolea. Nimefika, nimesajiliwa, nasoma sheria!

Juzi kwenye semina mwalimu alituuliza mmoja mmoja nini kimetuleta. Mmoja baba yake hakimu, mwingine anataka ubunge, mwingine akasema alipangiwa tu. Zamu yangu ilipofika nikasema nimeletwa na mjane wa Uru. Wakanigeukia wote. Basi nikawasimulia: nilimaliza kidato cha sita nikawa nakaa tu Njoro, mama akachoka kuniona, akanipeleka kwa Sista Victoria nijitolee. Nikapewa kalamu na meza ya miguu mitatu na tofali. Miaka miwili na nusu nikaandika shida za watu bila malipo. Nikafikiri ni kazi ya kupitishia muda, mpaka ulipokuja wewe, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Nikawaeleza kisa chote. Mume wako Primus, kitinda mimba, ndiye aliyerithi kihamba cha wazazi, yaani shamba la ukoo, na makaburi yao. Alipofariki, kaka yake Aristides aling'oa masale ya mpaka akayapandikiza juu, kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, mibuni arobaini ikahamia kwake. Hukulia. Ulikaa ukaniambia, "Andika."

Na ile siku uliyoteremka mbio huku kesi iko Mahakama ya Mwanzo! Shemeji yako amekuja na wazee wawili, mtungi wa pombe ya mbege na jani la isale lililofungwa fundo, anaomba yaishe. Wenzangu wa pwani hawajui isale. Nikawaambia ni mmea wa mpaka, na kwetu mwenye kosa akikuletea jani lake huwezi kukataa kumsamehe. Kisha nikawaambia nilivyokushauri: "Usilipokee. Ukilipokea watasema mahakamani mmeshapatana, kesi itafutwa na mibuni hutaiona. Jani si hati." Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu akaandika maneno hayo ubaoni kwa herufi kubwa.

Mahakama ya Mwanzo ilisema wewe ni mjane tu, lakini faili la rufaa yetu nimemwachia Sista Victoria. Msalimie Jacob huko machimboni Mererani, mwambie nasubiri lile jiwe aliloniahidi.

Mimi mwandishi wako,
Doris Eliamini


Uru,
23 Novemba 1997

Kwa Doris, wakili wangu wa bure,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu nilijifunza elimu ya watu wazima na nilikaa nyuma, ubao ulikuwa mbali. Wewe umekaa mbele miaka yote na bado unaparua.

Huku sote wazima. Jacob bado yuko Mererani, jiwe hajaliona, amepata vumbi tu.

Unasema darasa lilipiga makofi. Siku ile hapa hapakuwa na makofi. Nilipomrudishia Aristides lile jani mkono wake ulibaki umenyooka, hakujua aupeleke wapi. Wale wazee wawili waliangalia chini. Mtungi wa mbege waliuacha pale pale, ukachacha, nikaumwaga kwenye mgomba. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kukataa isale, ni mimi wa kwanza. Sikukuambia maana ulikuwa umefurahi na ulikuwa na watu wengi wanakungoja kwenye benchi.

Lakini sikulaumu. Wewe ndiye uliyesoma na mimi ndiye niliyeteremka kuuliza.

Nikuambie ninachotaka, usije ukafikiri ni kahawa. Siku hizi kila mnunuzi anakuja na mizani yake, na mibuni arobaini si utajiri. Nataka nizeekee hapa. Nikifa nilazwe kati ya Primus na mama mkwe wangu, na wa kunichimbia wawe watu wa ukoo, kama anavyozikwa mtu yeyote mwenye kwao. Hilo tu. Ukilipata hilo kwenye vitabu vyako, niandikie.

Kula vizuri.
Lukresia, Mama Jacob


Mlimani,
7 Machi 1998

Mama Jacob mpendwa,

Shikamoo! Tumeshinda! Sista Victoria amenipigia simu ofisini kwa mlezi wa wanafunzi, nikakimbia na kandambili mguu mmoja. Mahakama ya Wilaya imekubali rufaa yetu yote: masale yarudi yalipokuwa, mibuni ni yako, na Mzee Aristides asikusumbue tena. Nimeruka, nimelia, nimewanunulia wenzangu soda za mkopo.

Na sikia hili. Nimeandika insha juu ya mila na sheria, nimeipa jina "Jani si Hati", nimepata alama A, ya pekee darasani. Jina lako sikulitaja, nimeandika "mjane L." Umekuwa maarufu bila kujijua.

Krismasi nilikuahidi kuja nikashindwa. Mama amehamia Mwanza kwa kaka Eliakim, nyumba ya Njoro wamepangisha, kwa hiyo nikija Moshi sina pa kufikia ila kwako, na nauli ndiyo hiyo. Likizo ndefu tunapelekwa mazoezi ya kazi. Lakini nitakuja, nataka nikae chini ya hiyo mibuni nipige picha.

Sasa ishi kwa amani. Ulilotaka umelipata.

Doris


Uru,
Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili 1998

Mwanangu Doris,

Kristo amefufuka. Walikuja watu wa mahakama na kamba ya kupimia, wakang'oa masale pale mfongoni wakayarudisha chini yalipopandwa na baba mkwe. Nilidhani nitafurahi. Nilisimama peke yangu. Kwa kawaida huku mtu akipima hata shimo la choo watu hujaa kutoa ushauri, siku ile milango yote ilikuwa imefungwa.

Leo ukoo wamechinja mbuzi. Niliolewa hapa mwaka 1961, na kila sikukuu fungu langu la nyama huletwa. Leo halikuja. Nimepika kiburu, ile ndizi na maharage uliyokuwa ukila kwa kufumba macho. Nyama si kitu. Ila nyama ikija huja na habari: nani kaposwa, nani mgonjwa, lini watu wanakwenda kuzibua mfongo. Sasa habari nazisikia kanisani zikiwa zimepoa.

Usinisikilize, mimi mzee nanung'unika. Tumeshinda. Hongera ya alama yako.

Jacob ameandika kifua kinambana. Mwezi wa tano anakuja kupumzika.

Lukresia


Mlimani,
30 Agosti 1998

Mama Jacob,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu tangu Mei, na wewe kimya. Umenikasirikia? Au posta wamezila?

Jacob alifika? Kifua kimepona? Nimemnunulia shati la bluu Kariakoo, nimelituma kwa mtu wa parokia. Mwambie alivae kanisani, asilipeleke shimoni Mererani.

Mimi nimeingia mwaka wa pili. Tunajifunza kuandika notisi na hati za madai. Mwalimu anasema nina mkono wa wakili, kalamu yangu inatisha watu. Ungemsikia ungecheka.

Niandikie japo mistari miwili.

Doris


Uru,
15 Novemba 1998

Mwanangu,

Sijakasirika. Kalamu ndiyo ilinikataa.

Shati limefika. Zuri, rangi ya bluu imetulia. Nimeliweka sandukuni. Ya Jacob tutaongea ukija.

Mvua ni chache. Mibuni ya chini inakauka, maji ya mfongo hayafiki kwangu, zamu yangu inarukwa tangu mwezi wa tano. Kumbe kazi ya kuzibua ilifanyika, mimi sikuambiwa, na asiyezibua hapati maji. Aristides ndiye msimamizi wa mfongo mwaka huu. Nachota kwa ndoo, naanza na migomba maana ndiyo ninayokula.

Usihangaike na hayo. Nimeyaandika ili karatasi isiwe tupu.

Lukresia


S.L.P. 35...,
Dar es Salaam.
2 Februari 1999

KWA: NDUGU ARISTIDES,
URU, MOSHI VIJIJINI.

YAH: NOTISI YA KUKUTAKA UACHE KUINGILIA KIHAMBA CHA BIBI LUKRESIA, MJANE WA PRIMUS

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa niaba ya mteja wangu aliyetajwa, na kwa kuzingatia hukumu ya Mahakama ya Wilaya, nakujulisha kuwa kitendo chako cha kumnyima mteja wangu maji ya mfongo ni uonevu na ni kudharau mahakama.

Kwa notisi hii unaamriwa kurejesha zamu yake mara moja. Aidha, wewe binafsi, watoto wako na mtu yeyote wa nyumba yako MSIKANYAGE ndani ya masale ya kihamba hicho, wala kumsogelea mteja wangu, kwa sababu yoyote ile na wakati wowote ule. Mkikaidi mtafikishwa mahakamani na kufungwa bila taarifa nyingine.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
D. ELIAMINI
(Sheria)


Uru,
27 Februari 1999

Kwako Binti Doris Eliamini,

Salamu. Notisi yako nimeipokea kwa mkono wa katekista wetu, Filemon. Nimemwomba aisome mara mbili, maana macho yangu hayana nguvu. Nakujibu kama ulivyoniandikia, bila matusi.

Maji. Zamu ya Lukresia imerudishwa tangu juzi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Mibuni. Nalo lilikuwa kosa langu. Nilihamisha masale kwa tamaa, Primus akiwa hana miezi sita kaburini. Baadaye usingizi ukaniisha. Ile siku nilipokwenda na isale nilikuwa nimeshayang'oa tena masale mwenyewe, yako uani kwangu yamefunikwa majani mabichi, ili kesho yake tuyarudishe pamoja na wazee wakiona. Sikwenda kumzuia mtu mahakamani. Nilikwenda kuomba msamaha kwa njia ninayoijua. Akalikataa, akasema ameambiwa na msomi wa Majengo kwamba jani si hati. Basi nikayarudisha mfongoni kwa hasira, nikasema kama anataka hati, tutapigania hati. Nikapigana miaka miwili nikashindwa.

Sasa la tatu, ambalo sidhani unalijua, kwa sababu mtu anayelijua asingeandika "kwa sababu yoyote ile." Jacob alirudi kutoka Mererani mwezi wa tano amekwisha kifua. Alifariki tarehe 11 Juni. Ukoo hatukwenda. Niliwakataza mimi. Nilisema aliyekataa isale letu amejitoa kwetu, na azike mwenyewe. Waliomchimbia ni akina mama wa jumuiya ya kanisa, wanawake saba. Kaburi la kijana wetu limechimbwa na wanawake, na mimi nilikuwa nyumbani kwangu ng'ambo ya mfongo, nikisikia majembe mpaka saa saba mchana. Sijawahi kuisikia siku ndefu namna ile.

Nilikuwa nimeanza kufikiri jinsi ya kumwendea tena. Ndipo imekuja karatasi yako. Ndani ya masale hayo yamo makaburi ya baba yangu na mama yangu. Wewe umekulia nyumba za Njoro, pengine hukuwa na kihamba, sikulaumu kwa kutojua.

Mimi nimeshashindwa mahakamani mara moja na ni mzee. Tutaitii karatasi yako, mimi na watoto wangu.

Aristides


Mlimani,
14 Machi 1999

Mama yangu,

Sijui nianzeje. Shikamoo.

Mzee Aristides ameniandikia. Jacob, Mama. Miezi tisa! Nimekutumia shati la mtu aliyekwisha zikwa na ukaniambia ni zuri, rangi imetulia. Mbona hukuniambia? Ningekuja. Ningekopa nauli, ningepanda hata lori la mahindi.

Nasoma tena barua zangu kichwani naona aibu. Makofi, soda, alama A. Wewe huko unahesabu majembe ya wanawake. Ningekuwa nimeukata ulimi wangu siku ile. Ulikuja kuuliza mtoto wa miaka ishirini na moja aliyekuwa hajafungua hata kitabu kimoja cha sheria, na mtoto akajibu upesi upesi kwa sababu benchi lilikuwa refu.

Sijui nimwandikie nini Mzee. Nimeanza barua mara tatu nikazichana. Nafikiria kuacha shule. Nafikiria kurudi Moshi nije nichote maji na wewe.

Nisamehe.
Doris


Uru,
Pasaka, 4 Aprili 1999

Doris mwanangu,

Ukiacha shule nitakuja huko Dar es Salaam kwa miguu nikuchape, na viatu nitavishika mkononi.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Ungekuja ungelia hapa wiki mbili, ungekosa mtihani, Jacob angebaki pale pale. Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja wa kumtumainia, sikutaka nimvunje naye.

Usijipige kifua. Jani lilikuwa mkononi mwangu, si mwako. Mimi ndiye niliyezaliwa nalo, najua uzito wake, na bado nililirudisha. Nilitaka kumwona Aristides akiaibika. Hilo sikumwambia hata padre.

Maji yanakuja sasa. Ya Aristides acha yapoe kwanza. Wewe soma. Maziwa yakimwagika yamemwagika, lakini ng'ombe bado yupo.

Lukresia


Uru,
7 Mei 2000

Wakili wangu,

Mwaka umepita tukiandikiana habari za mvua na mitihani, leo nina ombi.

Tumbo linanisumbua tangu Krismasi. Nimekwenda hospitali mjini, daktari ameniangalia vizuri, kijana mpole. Ameniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Basi napumzika.

Nikipumzika nafikiri. Juzi nilikata isale, nikafunga fundo, nikajikongoja mpaka mpakani nikamwita Aristides. Akatoka. Amezeeka yule! Akasimama upande wake, mimi upande wangu, masale katikati. Nikamnyooshea. Akaliangalia, akaniambia, "Shemeji, isale halikataliwi na mimi silikatai. Lakini kupatana kwetu kunamalizikia makaburini kwa baba na mama, na makaburi yako kwako. Karatasi ya mtoto wako inasema nikikanyaga nafungwa, na vijana wangu nao. Mwambie aifute, nitakuja siku hiyo hiyo." Si kiburi, Doris, anaogopa kweli. Ameitunza karatasi hiyo kwenye mfuko wa nailoni, anatembea nayo.

Nimemwambia wewe ni mtoto tu, hukukusudia. Akasema mahakama ilisema mimi ni mjane tu na bado nikashinda.

Kwa hiyo niandikie karatasi nyingine ya kuifuta hiyo. Fupi inatosha. Jani nimeliweka kwenye kikombe cha maji dirishani, lisinyauke.

Lukresia


Mlimani,
28 Mei 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole ya tumbo. Nashukuru daktari amekuona na kukuambia upumzike, maana wewe bila amri ya daktari hukai chini.

Nimesoma barua yako usiku kucha. Ile karatasi, Mama, ilikuwa upuuzi. Sikuwa wakili, mpaka leo si wakili, sina amri ya kumwamuru hata paka. Niliiandika kwa hasira, nikapendezwa na mlio wake. Kisha nikaona aibu mno hata kuirudia, nikaiacha.

Lakini kuifuta kwa karatasi nyingine naona ni kumkosea Mzee mara ya pili. Jambo hili halifai posta. Mtihani wangu wa mwisho ni tarehe 24 Juni, Jumamosi. Jumapili alfajiri nitakuwa kwenye basi. Nitakuja mwenyewe nipige magoti mbele yake, nimshike mkono nimwingize ndani ya masale. Nitakuja nimemaliza sheria, nikiwa mtu anayeweza kuaminika. Ni wiki nne tu. Umengoja mengi marefu zaidi.

Badilisha maji ya lile jani.

Wako,
Doris


Mlimani,
Jumapili, 18 Juni 2000

Mzee wangu Aristides,

Shikamoo. Nilipanga kuja mwenyewe wiki ijayo, lakini leo nimeona siwezi kungoja. Nyuma ya bweni letu kuna ua wa masale. Miaka mitatu nimepita hapo nikidhani ni maua. Leo mtunza bustani alikuwa anayakata anayatupa kwenye toroli, na mimi nikasimama njiani nalia watu wakinitazama.

Nimeokota moja. Nimelifunga fundo, sina hakika kama nimelifunga inavyotakiwa. Liko ndani ya bahasha hii.

Notisi niliyokuandikia Februari mwaka jana haina nguvu. Haikuwa na nguvu hata siku moja. Sikuwa wakili, hakuna mahakama iliyoamuru maneno yale, niliyatunga mimi. Hakuna mtu yeyote duniani anayeweza kukuzuia usiende kwenye makaburi ya wazazi wako. Tafadhali ingia. Ingia leo hii barua ikifika, usinisubiri, mwende na Mama Jacob.

Na lile la kwanza, la Majengo. Ulileta jani kwa moyo mweupe, mimi nikamfundisha kulirudisha. Jacob alizikwa na wanawake kwa sababu ya mdomo wangu. Sijui kama jani moja linatosha kwa makosa mawili. Kama halitoshi, nitakuja na jingine.

Mtoto wako,
Doris Eliamini


Uru,
23 Juni 2000

Binti Doris,

Marahaba. Barua yako imefika jana, Alhamisi. Lukresia alifariki Jumamosi iliyopita, mchana, mikononi mwa akina mama wa jumuiya. Tumemzika Jumanne.

Naandika "tumemzika", lakini acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wewe ni mtu wa sheria na utataka ukweli.

Safari hii sikumkataza mtu. Jumanne saa mbili asubuhi nilitoka na watoto wangu wanne, na wajukuu wakubwa wawili, kila mtu na jembe lake. Tulipofika kwenye masale vijana wakasimama wakaniangalia. Nikatoa karatasi yako mfukoni, nikampa Filemon katekista aisome tena, nikamuuliza, mteja akifa karatasi nayo inakufa? Akasema yeye ni wa dini, mambo hayo hayajui. Mwenyekiti wa kitongoji naye akasema haelewi, tusije tukaleta matatizo msibani. Imeandikwa kwa sababu yoyote ile na wakati wowote ule. Nina mtoto mmoja kati ya hao ana watoto wadogo. Sikuweza kumwingiza jela.

Akina mama wakachimba. Ni wale wale wa kaburi la Jacob, ila sasa wamebaki watano. Ardhi ilikuwa ngumu. Ya Jacob niliyasikia majembe nikiwa ndani kwangu. Ya Lukresia nimeyaona, hatua kumi na tano kutoka nilipo, na mimi nimeshika jembe. Mama mmoja alipochoka alilia akatuita, njooni jamani, ninyi si wanaume? Vijana wangu wakainamisha vichwa. Tuliimba nao nyimbo zote tukiwa upande wetu. Udongo tuliutupia juu ya masale, haukufika.

Ni kweli amelazwa kati ya Primus na mama. Hilo alilipata.

Jana Filemon akaleta barua yako. Umeandika kwamba karatasi ile haikuwa na nguvu hata siku moja. Nimemwambia asome tena hapo. Hata siku moja. Mwaka mmoja na miezi minne sikufika kaburini kwa mama yangu, na Jumanne nilisimama nje.

Sitakutukana. Mimi ndiye niliyeanza kuhamisha masale, na mwanzo wa ngoma ni lele.

Jani limefika limekunjamana, na fundo umelifunga kinyume, lakini ni isale. Nimelipokea. Kwetu halikataliwi. Aliyewahi kulikataa ni mmoja tu, na alikuwa ameshauriwa. Jana hiyo hiyo jioni niliingia kwa Lukresia na wazee. Dirishani kwake tukakuta lile jani lake ndani ya kikombe, bado bichi, maji yamebadilishwa karibuni. Nimeyafunga pamoja, lake na lako, nimeyaweka juu ya kaburi. Nikamwambia shemeji, nimekuja.

Filemon ameona katika barua yako kwa marehemu kwamba Jumapili utakuwa kwenye basi, ndiyo maana hii naituma kwa mtu wa basi ikuwahi. Njoo, utafikia kwangu. Mke wangu amekutengea chumba. Sandukuni kwa marehemu kuna shati la bluu halijavaliwa, akina mama wanauliza wampe nani, nimewaambia wakungoje wewe.

Notisi yako nakurudishia humu ndani, uitunze mwenyewe. Nimeitoa kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko nimebaki nao, ni mzuri.

Aristides